Jicho la Lenzi

9 Februari

Dada mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye chumba chenye saa nyingi zisizokubaliana. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua, na anasema ukija umletee kandambili zenye soli nene kwa sababu za huku zimetengenezwa kwa karatasi. Wifi yako anakusalimu. Bado yuko kwenye ile nyumba ya kulelea watoto, na sasa wamempa chumba cha wachanga, wale ambao hata kujigeuza hawajui. Anarudi na harufu ya maziwa yaliyochacha begani, lakini anaimba. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama unaijua: ataweka sauti ya juu, atakaa mlangoni, na wapangaji wote watapata taarifa ya habari bure.

Nina habari isiyo nzuri. Jicho langu la kulia limeumia. Nilikuwa nimeinama juu ya saa ya ukutani ya mteja, ile ya kizamani ya kutia ufunguo, lenzi nimeibana jichoni kama kawaida, mara springi ikafyatuka ikanipiga. Sasa nikiangalia kwa jicho hilo peke yake naona kichwa cha mtu na mabega, chini hakuna kitu, kama vile mtu amekatwa. Hospitali wamenipa dawa ya matone na kuniambia nirudi. Usihangaike, Mungu si Athumani.

Jambo jingine, dogo tu. Wewe ni bibi afya, unakagua maduka na majiko ya watu, kwa hiyo unayajua haya. Kuna rafiki yangu anauliza kuhusu hizi dawa za mitishamba za nguvu za kiume zinazouzwa kwa vinyozi. Zina madhara kweli au ni maneno ya madaktari tu? Ana presha kama mimi. Anaona aibu kuuliza.

Mdogo wako,
Dakika


27 Februari

Mdogo wangu Dakika,

Barua yako imenikuta natoka kukagua jiko la hoteli moja yenye mapazia ya hariri. Paka alikuwa amezalia kwenye pipa la unga, na mpishi akanieleza kwamba hawautumii unga wa juu, wanautumia wa chini. Nimerudi nyumbani nikala ndizi, kwa sababu ndizi inakuja na ganda lake. Mambo mengine ni mazuri. Mwanangu wa kwanza kapata kazi ya kupaka rangi magari, sasa kikombe cha chai kikinukia rangi najua nani kakinywea.

Habari ya jicho lako imenitoa machozi, sikufichi. Jicho la kulia ndilo jicho lako la kazi. Baba alikufundisha kubana lenzi kwa jicho hilo ukiwa bado unavaa kaptura. Na hiyo lenzi je? Ni ile ya baba uliyokuwa umeibana? Imevunjika? Nieleze, kwa sababu ni kitu pekee chake kilichobaki, maana koti lake mama alishamgawia yule mjomba asiyenawa mikono.

Kuhusu rafiki yako. Mwambie asiziguse. Na kama ameshazigusa, aende hospitali aseme alichomeza, akitaje kwa jina, awapelekee na pakiti. Daktari hapigi ramli. Dawa yenyewe ya upungufu wa nguvu ipo, daktari humpa mtu baada ya kumpima moyo na presha, na hata hiyo ina masharti yake. Mwenye dawa za moyo akiichanganya anaweza asiamke. Mficha uchi hazai, mwambie hivyo huyo rafiki yako.

Msalimie sana wifi. Mwambie aendelee kuimba.

Dada yako


3 Aprili

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mama anaendelea vizuri. Mvua imeingia dukani, imelowesha mikanda ya ngozi yote, nimeianika kwenye kamba na wapita njia wananiuliza kama nauza nyoka. Kuhusu lenzi ya baba, ondoa wasiwasi. Ipo salama kabisa, haina hata mkwaruzo. Nimeifunga kwenye kitambaa.

Jicho halijapona, na daktari hanipi matumaini. Sasa nikwambie jambo ambalo sikuliandika mara ya kwanza kwa sababu sikutaka kumvunjia mtu heshima. Si springi peke yake. Wifi yako ndiye aliyekuwa akinitia yale matone, na tangu alipoanza kunitia hali ilizidi kuwa mbaya. Sijui aliyachanganya na nini. Sisemi alikusudia. Mama ndiye aliyelisema kwanza, mbele ya wapangaji, nami sikubisha. Maneno yakatoka nje kama unavyojua watu.

Wifi yako amerudi kwao. Kule kazini wamemwambia apumzike kwanza mpaka mambo yatulie. Nasikia mzazi mmoja alisema, aliyempofusha mume mwenye ndevu atamfanyia nini mtoto asiyeweza hata kulia vizuri? Mimi hayo sikuyasema. Yamesemwa na watu.

Rafiki yangu anakushukuru kwa ushauri.

Dakika


15 Aprili

Dakika,

Leo sianzi na habari za mtu yeyote.

Lenzi haina hata mkwaruzo. Wewe na mimi ni watoto wa fundi saa. Tumekula springi, tumesomeshwa na springi. Lenzi ikiwa imebanwa jichoni, springi inalifikiaje jicho bila kupita kwenye kioo? Umesahau siku baba alipofyatukiwa? Kioo cha lenzi yake ya zamani kilipasuka katikati, akakibusu, akasema hiki kimekufa badala yangu. Ndipo akanunua hiyo uliyonayo. Nilikuuliza habari za lenzi kwa kusudi, na wewe ukanijibu kwa furaha kama mtoto aliyekuta sukari ikiwa haina mwenyewe.

Sasa umeleta uongo wa pili kuutegemeza wa kwanza. Matone ulipewa hospitali, umeandika kwa mkono wako Februari, na ulipewa baada ya jicho kuharibika. Kwa hiyo dawa iliyoletwa kwa ajili ya jicho bovu ndiyo iliyoliharibu kabla haijafika nyumbani? Hata yule mpishi wa unga wa chini alinidanganya vizuri kuliko wewe.

Nikueleze nilichokiona wiki iliyopita. Tulikwenda kukagua nyumba moja nyuma ya ghala la matairi, mahali wanapofungasha ile dawa inayoitwa Baba Karudi, yenye picha ya mzee kifua wazi. Mitishamba tupu, imeandikwa hivyo. Ndani kulikuwa na beseni la kuogea, la bafuni kabisa, bado lina alama ya uchafu wa mwili wa mtu pembeni. Ndani ya beseni, vumbi la mbao. Juu ya vumbi la mbao, vidonge vya hospitali vimetwangwa na kumwagwa kwa viganja, bila kipimo, na mwanamume aliyevaa singleti anakoroga kwa mpini wa kupigia deki. Jasho lake linadondokea humo humo. Kinyesi cha panya kipo, naye anakoroga. Nikamuuliza anajuaje kila pakiti inapata dawa kiasi gani. Akaniambia, "Mama, hiyo ni bahati ya mteja." Nimekagua machinjio miaka mingi na sijawahi kutapika kazini. Siku hiyo nilitoka nje nikatapika kwenye mfereji, na sare yangu nikaichafua.

Tuliifunga nyumba ile. Nasikia wameshafungua mtaa wa nyuma, beseni ni lile lile.

Swali langu ni moja. Huyo rafiki yako anaona kwa macho mangapi?

Dada yako


20 Juni

Dada,

Mama anakusalimu, magoti yake yamepata nafuu. Mimi nimekaa na barua yako muda mrefu. Nimeandika majibu nikayachana, na mengine nimeyafungia saa za watu.

Anaona kwa moja.

Ilikuwa kwa kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja. Unawajua walivyo, mtu umekaa kitini, shingo umempa, wembe anao yeye, naye anakutania mbele ya wateja. Fundi saa hana mtoto, labda saa yake mwenyewe imesimama. Watu wanacheka, nami nacheka. Siku moja nikabaki hadi wateja walipoondoka, akafungua kopo la poda akanitolea pakiti chini yake. Baba Karudi, ndiyo. Nikawa nachukua. Asubuhi moja nimeamka, nimemwona wifi yako amesimama dirishani bila miguu.

Daktari aliniuliza kama nimemeza kitu chochote. Aliuliza tena, akarudia tena. Wifi yako amekaa pembeni na mkoba wangu, nami nikasema hapana, ni springi. Daktari akaandika matone. Baadaye ndipo nilipomweleza ukweli, akasema dawa ya namna hiyo kwa mtu wa presha inaweza kukata damu inayolisha mshipa wa jicho, na kwamba ningesema mapema angejua la kutafuta, ingawa hakuniahidi kwamba lingepona. Matone wifi yako alinitia kwa sababu mwenyewe nilikuwa nayamwagia shavuni. Mama alipoanza maneno yake nilikuwa nimechoka, Dada. Uongo ulikuja wenyewe, nikaufungulia mlango.

Wifi yako alikuwa amezikuta pakiti zamani, ndani ya boksi la mikanda. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mimi sikukulalamikia hata siku moja. Uliyekuwa unataka kumridhisha ni kinyozi." Siku alipoondoka alisema siri yangu haitatoka kinywani mwake, na kweli haijatoka. Hata kwao hajasema. Anawaacha watu waseme wapendavyo.

Sasa kuna jambo. Kuna wakili anakusanya watu waliodhurika na Baba Karudi ili wamshitaki mwenye kampuni. Maabara imekuta dawa ya hospitali ndani ya pakiti. Wapo waliopoteza jicho, na mmoja aliyekuwa anatumia dawa za moyo amekufa. Wakili anataka na mimi niape. Lakini kabla sijampa jibu amekuja dukani wakili wa upande wa kampuni, ananukia vizuri, kavaa saa ambayo sijawahi kuigusa. Akasema, mtaa wako mzima unasema jicho limeharibiwa na mkeo, na mwanzo wa maneno hayo ni wewe. Ukienda mahakamani nitawaita majirani mmoja mmoja. Kisha akalainisha sauti. Kampuni itanisaidia kwa huruma tu, nje ya mahakama, na pesa ni ya kutosha, kama nitasaini kwamba jicho liliharibika kwa matone nyumbani na halihusiani na bidhaa yao.

Naomba ushauri wako. Jicho la kulia limeshazimika kabisa, na la kushoto halijazoea lenzi. Nadondosha skrubu.

Dakika


2 Julai

Mdogo wangu,

Mama mpe pole ya magoti, na mwambie mimi nimekasirika naye kwa lile alilolisema mbele ya wapangaji, lakini yeye alisema asilolijua. Wewe ulikuwa unajua.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa ngazini ofisini, na mwenzangu akaniuliza kama nimekutana tena na lile beseni. Nikamwambia ndiyo. Nina kinyaa na yule mwenye singleti na mpini wake. Nina kinyaa na kinyozi anayeficha sumu chini ya poda halafu anauliza hali za wagonjwa. Huyo wakili anayenukia nisikuandikie nilichomwita. Lakini wao ni watu baki. Wewe nimekubeba mgongoni, kwa hiyo kinyaa nilichonacho kwako sijui hata nikitapikie wapi.

Kuugua si aibu. Mwili ni mashine kama saa zako, unachelewa, unasimama, unapelekwa kwa fundi anayejua kazi. Kumeza takataka kwa kuogopa mdomo wa kinyozi ni ujinga, na ujinga unasameheka, kwani sisi wote tumewahi kumeza kitu kwa kuogopa watu. Lakini mkeo amekutunzia siri yako kwa gharama ya mkate wake mwenyewe. Ameachishwa kazi, anatazamwa kama mchawi, na bado kinywa kakifunga. Wewe sasa umepata mnunuzi wa siri hiyo unataka kuiuza. Tena ukiisaini, hayatakuwa tena maneno ya wapangaji. Yatakuwa maandishi yenye muhuri, yatamfuata mpaka akizeeka, na hakuna mtu atakayempa mtoto wake amshike.

Ushauri wangu ni huu. Nenda kwanza kwenye ile nyumba ya watoto, useme kwa mdomo wako kwamba matone yalikuwa ya hospitali na jicho lilishaharibika. Kisha nenda kwa wakili wa wale waliodhurika ukaape. Watakuuliza, ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa? Ujibu, wakati ule. Watacheka. Kinyozi alikucheka na hukufa. Huenda hakimu asikuamini, huenda usipate kitu, sikudanganyi. Lakini mkeo atapata alichonyang'anywa.

Kwa mara ya kwanza naiogopa barua yako kabla haijafika.

Dada yako


30 Septemba

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi. Huku sote wazima. Mama amepata godoro jipya, lile nene, anasema analala kama waziri. Paa limezibwa lote, sasa mvua ije tu. Dukani nimeweka kioo kipya na taa nzuri yenye mkono wa kujikunja, na jicho la kushoto linaanza kutii. Kinyozi amehama, nasikia kafungua duka la viatu. Mjomba anakusalimu, anasema unamsema vibaya na kwamba siku hizi ananawa.

Lile jambo tumelimaliza kiutu uzima. Yapo maneno ambayo siruhusiwi kuyaandika tena, hata kwako, kwa hiyo usiniulize. Usifikiri sikuisoma barua yako. Niliisoma. Ila wewe una mshahara wa serikali, Dada, mimi nina jicho moja na mama. Wifi yako bado ni mwanamke mwenye nguvu zake, na watu husahau. Nilimtumia kitu kidogo kwao, wakakirudisha.

Nimekutumia saa ya mkono pamoja na barua hii. Niliisafisha mwenyewe. Haichelewi.

Mdogo wako,
Dakika


18 Novemba

Dakika,

Saa nimeipata. Kwa kweli haichelewi. Nimemkabidhi mama, atakupa, kama hajakupa tayari. Kandambili zake za soli nene nazo nimempa, na nimemwomba asikwambie kwamba nilikuja mpaka barua hii ikufikie. Amejitahidi, masikini, kwa mtu mwenye simu ya namna ile.

Nilichukua likizo. Kwanza nilikwenda kwa kina wifi. Amekonda, na haimbi. Nilimweleza ninachotaka kufanya, nikamwambia akinikataza sitafanya. Alikunja nguo za ndugu zake, akamaliza, kisha akasema, "Wifi, mimi niliahidi sitalisema. Wewe hukuahidi." Akainuka kunitafutia maji ya kunywa.

Kesho yake nikavaa sare yangu, nimeipiga pasi, nikaenda kwenye nyumba ya watoto saa ambayo wazazi wanakuja kuwachukua. Mkuu wa pale alitaka tuingie ofisini. Nikamwambia mwenzenu aliposemwa hakusemwa ofisini. Nikasimama getini. Nikawaambia mimi ni bibi afya na ni dada wa fundi saa, tumbo moja. Matone yalitoka hospitali, yalikuja baada ya jicho kuharibika, na jicho liliharibika kwa uchafu aliomeza mwenyewe kwa siri. Nikautaja kwa jina. Nikawaeleza na habari za beseni. Mwanamume mmoja alicheka kwanza, nilipofika kwenye kinyesi cha panya akaacha, na nikamwona anameza mate. Huyo naye ana pakiti mahali. Yule mama aliyesema maneno ya mtoto asiyeweza kulia alikuwepo pia. Hakuomba msamaha. Aliinamisha kichwa akarekebisha kofia ya mtoto wake ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Wifi ameitwa kazini, ameshaanza. Kwako harudi, ameniomba nikufikishie hilo bila kuongeza neno, kwa hiyo siongezi.

Utaogopa kwamba wakili wako anayenukia atakuja kudai alichokupa. Hayo mtamalizana. Wewe ulisaini, mimi sikusaini popote. Kesi ya wale wengine inasikilizwa mwezi ujao, na nimeitwa kueleza nilichokiona nyuma ya ghala la matairi. Nitaeleza chote, na wakiniuliza kama nina ndugu aliyedhurika nitasema ninaye.

Jioni ile nilikuja dukani kwako. Nilikuwa nimekusudia kuingia, nikutukane kidogo, kisha tunywe chai. Nilisimama mlangoni, ukinyoosha mkono unanigusa. Ulikuwa umebana lenzi ya baba kwenye jicho la kushoto chini ya ile taa mpya, unapapasa meza kutafuta skrubu iliyokuwa imelala mbele yako kabisa. Nikafungua mdomo nikuite. Halafu nikafikiria kwamba taa hiyo ninajua imenunuliwa kwa pesa gani, na mdomo ukajifunga.

Usijiulize kwa nini hukuniona. Nilisimama upande wako wa kulia.

Dada yako